Kiraka Anastaafu: Miaka Ishirini na Mitatu ya Kuwakatia Mabingwa Vitunguu

Baada ya miaka ishirini na mitatu, miezi miwili na siku tisa ya utumishi katika klabu yetu, mchezaji wetu wa kwanza wa tenisi ya kulipwa, na mpaka sasa wa pekee, anastaafu rasmi Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu. Siku hizo tisa amezihesabu mwenyewe na amesisitiza ziandikwe. Kwenye faili lake la utumishi ana majina matatu marefu yenye heshima zake, ila ukiyaita pale getini hakuna atakayegeuka, hata yeye mwenyewe. Sote tunamwita Kiraka.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, fundi wa nyuzi, ninayefunga raketi katika kile chumba kidogo kando ya uwanja namba sita. Meneja alitaka uandikwe na mtu anayejua lugha ya ofisini. Kiraka alitaka uandikwe na mtu aliyekuwepo. Kiraka ameshinda, na kwa kuwa katika maisha yake ya kazi hakushinda mara nyingi, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyima ushindi huu.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini, na hakuajiriwa kucheza. Aliajiriwa kukaa mapokezi, kupokea simu na kuandika kwenye daftari nani amekodi uwanja gani saa ngapi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri na Kiswahili chake cha simu kilikuwa kitamu, kiasi kwamba wapo wanachama waliokuwa wakipiga kuuliza hali ya hewa huku wamesimama kwenye maegesho yetu wenyewe.

Jumamosi moja, daktari wa meno mmoja, mwanachama wa siku nyingi na mwepesi wa hasira, alifika na kukuta mwenzake wa kucheza naye hajatokea. Akaja juu pale kaunta, sauti ikasikika mpaka kwangu. Meneja, kwa kutaka kuzima moto tu, akasema, "Mpeni raketi huyo dada wa mapokezi amrushierushie mipira mzee." Dada akavua viatu vyake vya kisigino, akaazima raba za mama wa bustani zilizomzidi saizi mbili, akazijaza karatasi za risiti mbele kwenye vidole, akaingia uwanjani na sketi yake ya ofisi.

Baada ya saa moja daktari alirudi kaunta ameloa jasho chapachapa. Alikuwa amefungwa sita kwa mbili. Aliuliza swali moja tu: "Huyu nani kamfundisha?"

"Mjomba wangu," akajibu dada, huku akivaa visigino vyake. "Seremala."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mjomba wake alikuwa akitengeneza meza za mpira wa meza, na kila meza kabla ya kuuzwa ilibidi ijaribiwe. Mjaribuji alikuwa ni yeye, tangu akiwa na umri ambao ilibidi asimamishwe juu ya kreti ili aione neti. Alijaribu mamia ya meza. Kwa hiyo aliposhika raketi ya tenisi hakupiga kama watu wengine wanavyopiga. Aliukata mpira kwa kifundo cha mkono, tasss, mpira ukaenda polepole kama mtu anayetafuta namba ya nyumba, kisha ukitua unajilalia hapohapo na kukataa kuinuka.

Kuanzia siku ile, kila mwanachama aliyekosa mwenzake aliambiwa ngoja tutie kiraka. Jina likaganda.

Mwalimu wetu wa klabu, ambaye wengi wenu mnamkumbuka kwa kofia yake na kwa kuamini kwake kwamba dunia iliharibika siku watu walipoacha kucheza na suruali nyeupe, alipoona upigaji ule alishika kichwa. "Hii si tenisi, binti," akasema. "Huku ni kukata vitunguu!"

"Basi andaa leso, Mwalimu," Kiraka akamjibu.

Mwalimu alijaribu kwa miaka miwili kumtoa ile tabia. Alifanikiwa kumfundisha kila kitu kingine: miguu, pumzi, subira, namna ya kusimama, namna ya kupiga servisi, ingawa servisi yake, tuseme ukweli kwa kuwa leo ni siku ya ukweli, haikuwahi kumtisha mtu. Mwisho wakafikia mapatano. Kitunguu kingeruhusiwa mara mbili tu katika kila gemu, na si mbele ya wageni. Kwa masharti hayo, akiwa na miaka ishirini na miwili, Kiraka aliandikishwa kuwa mchezaji wa kulipwa, na klabu ikamwachia nafasi ya kusafiri na kushindana kwa jina lake.

Sasa wasifu wa namna hii kwa kawaida hufika hapa ukaanza kutaja vikombe. Sisi tutaendelea na mambo mengine.

Mwaka wake wa tatu alikwenda kwenye mashindano kumi na moja na kutolewa raundi ya kwanza mara zote kumi na moja. Safari moja begi lake lilichelewa kwa siku mbili, akacheza na sketi ya kuazima, akatolewa, na inasemekana yeye na begi lake walipishana angani, yeye akirudi na lenyewe likienda. Kwenye orodha ya ubora wa dunia alikuwa akitafutwa kuanzia chini, maana kuanzia juu ungechoka. Mwandishi mmoja wa michezo alimwandika kama "mpinzani mpole wa raundi ya kwanza". Yeye alikata kile kipande cha gazeti akakibandika mlangoni pa kabati lake. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akasema, "Fundi, si umesoma? Wamesema mpinzani."

Aliolewa katika mwaka wa tano wa kazi. Lifti ya jengo alilokuwa akiishi ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, yeye akiwa ndani na raketi zake sita. Akaitwa fundi wa lifti. Wakazungumza kupitia mlango kwa dakika hamsini. Baadhi yetu tunaamini lifti ile ilishapona dakika ya kumi. Mume wake hakanushi. Husema tu kwamba kazi yake na ya mkewe ni moja, kupanda na kushuka, isipokuwa yeye abiria wake humlaumu akikwama chini.

Ndoa ile ilituletea na mama mkwe, mshona nguo wa siku nyingi, mwenye miwani mikubwa na msimamo mkubwa zaidi. Mwanzoni hakutaka hata kuja klabuni kwa sababu ya vile visketi vifupi. Alipoona kukasirika hakusaidii, akachukua futi yake, akaja, akampima mkwewe pale pale pembeni ya uwanja, akamshonea sketi inayofika magotini yenye mifuko miwili mikubwa ya kuwekea mipira. Wachezaji wengine wakaicheka kwa wiki moja. Wiki ya pili wakaanza kuulizia bei.

Kilichomsumbua mama mkwe kwa miaka mingi ni hesabu. Siku yake ya kwanza kutazama mechi alinivuta shati akaniuliza kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni sauti ya watu wote kusikia: "Fundi, mpira wa kwanza kumi na tano. Sawa. Wa pili thelathini. Sawa. Wa tatu arobaini? Hizo tano za mkwe wangu kala nani?" Nikamnyooshea kidole mwamuzi. Mwamuzi, aliyekuwa amesikia, akajifanya anasoma karatasi yake.

Tuje kwenye mwaka wa kumi na saba, maana ndio mnaousubiri.

Kiraka alikuwa na miaka thelathini na saba. Goti la kushoto lilikuwa likilia kama bawaba. Alikuwa namba mia tatu arobaini na nane duniani na hakuwa amefika kwenye orodha kuu ya mashindano makubwa hata mara moja. Meneja alimwita ofisini na, kwa upole kabisa, akamwambia kwamba msimu ule ukiisha bila kuvuka mchujo wa shindano moja kubwa, klabu itamrudisha mapokezi. Kiti kipya cha kuzunguka kilikuwa tayari kimeshanunuliwa. Kiraka alitoka pale akaja karakanani kwangu, akakaa juu ya boksi la nyuzi, akatazama sakafu. Hakulia. Alisema tu, "Mimi mapokezi napapenda, Fundi. Lakini sijamaliza."

Lilikuwa limebaki shindano moja, katika jiji la mbali lenye baridi. Mwalimu alikuwa hospitalini amefanyiwa upasuaji wa ngiri, hivyo nikatumwa mimi, niwe fundi, mbeba mabegi na mwakilishi wa klabu kwa wakati mmoja. Kiraka alishinda mechi mbili za mchujo. Ya tatu, ile ya mwisho, akafungwa. Alimpa mkono mpinzani wake, akatabasamu, tukarudi chumbani tukafunga mabegi.

Kesho yake mchana tulikuwa kwenye chumba cha kufulia cha wachezaji, tukisubiri soksi zake zitoke kwenye mashine ili tuondoke, mara akaingia karani wa mashindano anahema. Kuna mchezaji mgongo umemkaba asubuhi hiyo. Kanuni inasema nafasi kama hiyo hupewa mmojawapo wa walioshindwa kwenye mchujo, na jina lililokuwa juu ya wengine ni la Kiraka. Anaingia orodha kuu. Anacheza uwanja namba moja. Anacheza na Bingwa mwenyewe, namba tatu duniani, msichana wa miaka ishirini na minne ambaye servisi yake ilikuwa ikienda kilomita mia moja na tisini kwa saa. Mechi inaanza baada ya dakika arobaini.

Kiraka alimtazama karani, akaitazama mashine ya kufulia iliyokuwa ikizungusha soksi zake zote duniani, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

Raketi zake mbili nzuri zilikuwa zimekatika nyuzi jana yake. Nilikimbia hadi karakana ya mashindano nikakuta mashine zote sita zina mafundi. Mmoja wao, mama mnene ambaye mimi na yeye hatukuwa hata na neno moja la kuelewana, alitazama raketi, akatazama saa, akaichomoa kazi yake kwenye mashine akanipisha. Kwa kawaida raketi moja hunichukua nusu saa na zaidi. Ile niliifunga kwa dakika kumi na tisa, kilo ishirini na tatu kila uzi, na fundo la mwisho nililikaza kwa meno. Nilipofika kwenye mlango wa uwanja, Kiraka alikuwa amevaa soksi moja nyeupe na moja ya buluu, zote zikitoa mvuke, maana alikuwa amezikausha kwa mashine ya nywele.

Seti ya kwanza ilikwisha kwa dakika ishirini na mbili. Sita kwa sufuri. Servisi za Bingwa zilimpita Kiraka kama mtu anayekimbilia treni. Watazamaji walianza kuinuka kwenda kununua vinywaji. Ya pili ikaanza hivyohivyo, tatu kwa sufuri, na mimi nilikuwa nimeinama nikizitazama kamba za viatu vyangu.

Walipobadilishana upande, nikainua macho. Kiraka alikuwa amekaa kwenye kiti chake ananitazama moja kwa moja. Akainua mkono wa kushoto, akautandaza kama ubao. Kisha kwa mkono wa kulia akafanya ishara ya kisu: kata, kata, kata. Akaniuliza kwa nyusi.

Miaka kumi na mitano Mwalimu alikuwa amekizuia kitunguu, mara mbili kwa gemu, si mbele ya wageni. Pale palikuwa na wageni elfu saba. Nikaitikia kwa kichwa mpaka shingo ikauma.

Kuanzia hapo hakupiga mpira mwingine. Kila uliokuja kwa nguvu aliukata, tasss, ukarudi polepole, ukatua, ukalala. Bingwa, aliyezoea mipira inayopanda mpaka kiunoni, akawa anachimba chini kama anayetafuta hereni iliyodondoka. Akapiga neti. Akapiga nje. Mara moja akapiga kiatu chake mwenyewe. Watu waliokwenda kununua vinywaji wakaanza kurudi mbio, vikombe vikimwagika.

Hata hivyo Bingwa ni Bingwa. Alifika tano kwa tatu, arobaini kwa kumi na tano, alama mbili za kumaliza mechi mkononi. Ya kwanza, mpira wa Kiraka uligonga ukingo wa neti, ukasimama juu kama unaojishauri, ukaangukia upande wa pili. Kiraka akainua mkono kuomba radhi, kama adabu ya mchezo inavyotaka, huku uso wake ukikataa kabisa kujuta. Ya pili, Bingwa alikimbilia kitunguu, akateleza, akaketi. Uwanja mzima ukanyanyuka. Dakika ishirini baadaye seti ilikuwa yetu, saba kwa tano.

Huku nyumbani, mume wake alikuwa kazini kwenye jengo la ofisi lenye ghorofa kumi na nne. Walinzi wa chini walikuwa na televisheni. Siku hiyo, lifti zote mbili za jengo lile zilifungwa kwa ukaguzi wa dharura uliochukua saa moja na dakika hamsini, na wakurugenzi walipanda ngazi kwa miguu. Ukaguzi haukugundua tatizo lolote.

Seti ya tatu ilikwenda bega kwa bega mpaka nne kwa nne. Kiraka akavunja servisi ya Bingwa. Tano kwa nne, na sasa servisi ni ya Kiraka, ile servisi yetu mnayoijua. Kipima mwendo kilionyesha kilomita mia moja na nne kwa saa. Watu walicheka. Bingwa hakucheka, kwa sababu alikuwa amezoea mipira ya haraka kiasi kwamba alipiga kabla mpira haujafika.

Alama ya mwisho ilikuwa na mipigo thelathini na mmoja. Niliihesabu kwa sauti bila kujua. Mpigo wa thelathini na moja Kiraka alisogea mbele na lile goti lake, akaukata mpira mkato ambao sijawahi kuuona kabla wala baada. Ulivuka neti kwa shida, ukadunda upande wa Bingwa, ukageuka, ukavuka neti tena ukarudi zake nyumbani kwetu. Bingwa alibaki ameinua raketi, anautazama ukienda. Kanuni inasema mpira ukirudi hivyo bila kuguswa, alama ni ya aliyeupiga. Mwamuzi akatangaza: sita kwa nne, mechi ni ya Kiraka.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Naambiwa nilimbusu mlinzi.

Walipopeana mikono kwenye neti, Bingwa alimuuliza, kwa lugha ya kuungaunga, mpira ule unaitwaje. Kiraka akamwambia, na akamweleza kwa vitendo, kisu, macho, machozi. Bingwa alicheka mpaka ikabidi kweli ajifute macho. Wanaandikiana mpaka leo. Mama mkwe alipiga simu yangu kabla hatujafika chumba cha kubadilishia nguo. Hakusalimia. "Fundi!" akapiga kelele. "Zile tano zimerudi! Zote na riba yake!" Hospitalini, Mwalimu aliyekuwa haruhusiwi kucheka kwa ajili ya nyuzi zake za upasuaji alicheka, na zikafungwa upya.

Raundi ya pili Kiraka alifungwa kwa dakika hamsini na nane, akatoka uwanjani akipunga mkono kama aliyechukua kombe. Alipanda hadi namba mia mbili na kumi na moja duniani, na huko ndiko juu kuliko kote alikofika. Meneja alikuja kumpokea uwanja wa ndege kwa shada la maua na uso wa haya. Kile kiti cha kuzunguka nilipewa mimi. Ni kizuri sana.

Akacheza miaka sita mingine ambayo hakuna aliyeitegemea. Akaanzisha darasa la asubuhi la akina mama waliovuka hamsini, ambao leo ni wanane na wanatisha. Mama mkwe wake yumo. Ana miaka sabini na mmoja na servisi yake, Kiraka mwenyewe amekiri, ina nguvu kuliko ya mkwewe. Kwa jumla Kiraka amecheza mechi mia sita na kumi na moja. Ameshinda mia mbili sitini na nne. Zilizobaki amezicheza mpaka mpira wa mwisho, na ninayesema hivi ndiye niliyekuwa nikizibadilisha nyuzi zake, kwa hiyo najua zilivyokuwa zikirudi zimelika.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumamosi iliyopita, hapa kwetu, uwanja namba moja, na dada wa miaka kumi na tisa anayepanda kwa kasi. Kiraka alishinda seti ya kwanza. Alipoteza ya pili. Ya tatu ilifika sita kwa sita, na hapo mimi, niliyekuwa nikitazama kupitia dirisha la karakana linaloelekea uwanja huo, nilitoa sauti ambayo mwamuzi aliisimamishia mchezo. "Fundi," akasema kwenye kipaza sauti, mbele ya wanachama wote, "tafadhali." Katika miaka thelathini ya kazi hilo ndilo onyo langu la kwanza. Ningelipata tena kesho kwa furaha.

Alifungwa kwa alama mbili. Alimkumbatia yule dada, kisha akaanza kuaga. Alimpa mkono mwamuzi, waamuzi wa mistari, mama wa bustani, wapishi wa kantini, wanachama wote safu kwa safu, na yule daktari wa meno, ambaye sasa anatembelea fimbo na aliyemwambia, "Bado nataka marudio." Kuaga kulichukua muda mrefu kuliko mechi. Jua lilikuwa kali, goti lilikuwa limevimba, na hakuruka mtu hata mmoja.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, kuanzia ofisi ya meneja mpaka chumba cha pampu: Dada Kiraka, asante. Asante kwa mwandiko mzuri, kwa raba za kuazima, kwa kushindwa mara mia tatu arobaini na saba bila kumnunia mtu yeyote, na kwa mchana ule mmoja ambao bado tukikumbushana kazini hakuna kazi inayofanyika. Nenda ukalale mpaka saa tatu asubuhi. Ukae na mumeo, mpande na kushuka mnavyotaka. Goti lipoe, moyo utulie, na maisha yaliyo mbele yawe mema kwako kila siku yake.

Fundi wa nyuzi
Karakana ya raketi, kando ya uwanja namba sita